Kabla Hujauza Shamba kwa Ajili ya Sikio la Mtoto

Mdogo wangu aliuza nusu ya shamba lake la mikorosho mwaka ule binti yake alipotimiza miaka mitatu. Hakuna aliyemlaumu. Mtoto alikuwa hasikii, na jirani aliyerudi kutoka Dar es Salaam alimwambia kwamba siku hizi kuna upasuaji, unapandikizwa kifaa ndani ya sikio na kiziwi anasikia. Tulivyoelewa sote pale nyumbani Mtwara ni kwamba unalipa, mtoto anapasuliwa, anazinduka, anaitwa jina lake, anageuka.

Mtoto alipasuliwa salama. Hakugeuka. Aligeuka miezi saba baadaye, jikoni, mama yake akimwita kwa mazoea tu huku anakuna nazi. Leo yuko darasa la pili, anasoma kwa sauti, na akinipigia simu tunaelewana, ingawa mara nyingine namwomba arudie naye ananiomba nirudie. Kwa hiyo siandiki kumvunja mtu moyo. Naandika kwa sababu wazazi wanaonitafuta huanza na swali moja, "Ni shilingi ngapi?", na kwa nilivyoyaona mambo haya, hilo ni swali la nne au la tano.

Kwanza ujue unanunua nini. Ndani kabisa ya sikio, ndani ya mfupa, kuna kiungo kilichojikunja mfano wa gamba la konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Wataalamu hukiita koklea. Ukiinyoosha inakuwa na urefu wa milimita 35 hivi. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, na kazi yake ni kupokea mtikisiko wa sauti na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaopanda na mshipa wa fahamu hadi ubongoni. Seli hizo zikifa hazioti tena. Hakuna matone, mafuta wala mizizi inayozirudisha, na mtu anayekuuzia dawa ya namna hiyo anachukua pesa ambayo mtoto ataihitaji. Shimesikio, kile kifaa kinachovaliwa sikioni, huikuza sauti ili seli zilizobaki ziipate. Kama seli zimekwisha kabisa, kuikuza sauti hakusaidii.

Kipandikizi cha koklea hupita njia nyingine. Sehemu ya nje, inayokaa nyuma ya sikio, ina maikrofoni na kompyuta ndogo inayoichambua sauti. Inaunganishwa na duara lenye sumaku linalonata kichwani. Chini ya ngozi, mkabala na duara hilo, kuna sehemu ya pili iliyowekwa na daktari, nayo ina uzi mwembamba ulioingizwa ndani ya koklea. Kwenye uzi huo kuna vituo vidogo vya umeme, kati ya 12 na 22 kwa aina nyingi, vinavyouamsha mshipa wa fahamu moja kwa moja bila kuzihitaji zile seli.

Majaribio ya kuamsha mshipa huo kwa umeme yalifanyika Paris mwaka 1957, na Los Angeles mwaka 1961. Lakini kulikuwa na tatizo la kuupenyeza uzi kwenye kiungo kilichojikunja hivyo bila kukiumiza. Mwaka 1977 daktari Graeme Clark wa Australia, ambaye baba yake mwenyewe alikuwa na uziwi, alikuwa likizo ufukweni na familia yake. Aliokota kombe la konokono wa baharini akaanza kuingiza majani ya nyasi ndani yake. Jani lenye ncha laini na shina gumu liliteleza likazunguka hadi ndani. Tarehe 1 Agosti 1978, mjini Melbourne, alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza. Huwa nakikumbuka kisa hiki kila nikiona watoto wetu wakichezea makombe pwani.

Linganisha sasa: seli 15,000 kwa vituo 22. Anachosikia mtoto ni mfano wa uso wa mtu ukiutazama kupitia mkeka: unamjua ni nani, unaona kama anacheka au ananuna, ila mengi yanapotea kati ya ukindu na ukindu. Watu wazima waliowahi kusikia kisha wakapandikizwa husimulia kwamba siku za mwanzo sauti za watu huja kama za mashine au katuni. Ubongo ndio unaojifunza kuyajaza yanayokosekana, na kujifunza huko kunataka umri mdogo na mazungumzo mengi.

Hapo ndipo swali la kwanza lilipo: mtoto ana umri gani, na aliacha kusikia lini? Ubongo wa mtoto asiyesikia haukai ukiisubiri sauti. Sehemu iliyokuwa ya kusikia huanza kutumiwa na mambo mengine. Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, matokeo mazuri zaidi ya usemi hupatikana akipandikizwa karibu na mwaka mmoja wa umri, na utafiti umeonyesha kwamba baada ya miaka mitatu na nusu nafasi ile inaanza kufifia. Akifika miaka saba bila kuwahi kusikia kabisa, atakachokipata kwa kawaida ni kuzitambua sauti, honi, mlango, mtu anaita, lakini kuelewa maneno kunakuwa kugumu sana.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia zile kauli zetu. "Hata baba yake alichelewa kusema." "Huyu ana ulimi uliofungwa, mkateni." "Mvulana huyo, wavulana huchelewa." Nimeona watoto waliokatwa kinyama cha chini ya ulimi, wengine kimeo, na kumbe masikio ndiyo hayakupimwa. Mtoto anayesikia hushtuka akiwa mchanga, kwenye miezi sita huitafuta sauti inakotoka, na akikaribia mwaka hupayuka, hubwabwaja, huitikia jina. Mtoto kiziwi naye hubwabwaja miezi ya mwanzo kisha hunyamaza, na ule ukimya wa ghafla ndio wa kuutilia maanani.

Usimpime kwa kubamiza mlango wala kupiga sufuria. Atageuka kwa sababu ya upepo, kivuli, au sakafu iliyotikisika, nanyi mtasema anasikia. Sisi tulidanganyika hivyo kwa zaidi ya mwaka. Binti yetu aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi tisa. Alitibiwa, akapona, tukaruhusiwa kurudi nyumbani tukimshukuru Mungu, na katika hospitali ile hakuna aliyetuambia maneno mawili: pimeni masikio. Nayaandika hapa ili wewe uyapate. Mtoto yeyote aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu mara tu anapopata nafuu, kwa sababu ugonjwa huo ukiharibu koklea, mfupa unaweza kuota ndani yake na kuiziba. Ukishaota, uzi hauna pa kupita. Kwa watoto hawa mambo huhesabiwa kwa wiki.

Wengine wa kupimwa mapema ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyechelewa kulia, aliyekuwa wa manjano sana siku za mwanzo, aliyechomwa sindano za gentamaisini kwa muda mrefu, na yule ambaye mama yake alipata rubela akiwa mjamzito. Chanjo ya surua na rubela ambayo Tanzania imeitoa tangu 2014 ni kinga ya masikio pia, hata kama wengi wetu huifikiria surua tu.

Vipimo vyenyewe havina maumivu. Kipo cha kuweka kizibo kidogo sikioni na kusikiliza mwangwi wa koklea, na kipo cha kubandika vitu vidogo kichwani mtoto akiwa amelala, kinachoonyesha kama sauti inafika kwenye mishipa ya fahamu. Omba mtaalamu wa usikivu wa idara ya masikio, pua na koo, wala usiridhike na daktari aliyemulika tochi sikioni akasema pako safi. Tochi haifiki kwenye koklea. Ikithibitika kwamba hasikii, kwa kawaida mtoto huvalishwa shimesikio kwa miezi kadhaa kuona kama zitamtosha, na wengi zinawatosha. Si kila kiziwi ni wa kupasuliwa. Kwa aliyetoka kwenye homa ya uti wa mgongo, usikubali subira hiyo bila kuuliza kuhusu kuota kwa mfupa.

Halafu kuna picha za ndani ya kichwa, CT na MRI, za kuangalia kama koklea ipo, iko wazi, na kama mshipa wa fahamu wa kusikia upo. Wako watoto waliozaliwa bila mshipa huo. Kwao kipandikizi hakina cha kuamsha, na daktari mkweli atakwambia hivyo kabla hujauza kitu.

Sasa pesa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upandikizaji huu mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India, na kumpeleka mmoja kulikuwa kukigharimu shilingi milioni 80 hadi 100. Gharama ya Muhimbili ilipotangazwa wakati ule ilikuwa zaidi ya milioni 30. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo imeingia katika huduma hii, na Nairobi inafanyika pia. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo pata ya leo kwa maandishi, uulize bima yako kwa maandishi vilevile, na upite ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kupita kwa dalali wa mashamba. Wako watoto waliolipiwa sehemu au yote, na mara nyingi ni wale ambao wazazi wao waliuliza.

Ila mdogo wangu alilipia upasuaji na ndipo gharama zikaanza. Kifaa huwashwa wiki mbili hadi nne baada ya upasuaji, kidonda kikishapona, kisha hupangwa upya tena na tena, mara nyingi sana katika mwaka wa kwanza, kwa sababu kiasi cha umeme kinachomfaa mtoto leo si cha mwezi ujao. Kila mpango ni nauli ya basi kutoka Mtwara, watu wawili, na pa kulala. Mwishowe alipanga chumba Mbagala, Dar es Salaam, mwaka mzima na kuacha kazi yake ya kushona. Waya unakatika. Betri zinachoka. Duara la sumaku linapotea kwenye mchanga. Sehemu ya nje haikai milele, baada ya miaka kadhaa hubadilishwa, na bei yake peke yake inaweza kukutoa jasho. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ukiwa na pesa ya upasuaji tu, bado hujawa tayari. Tenga ya miaka miwili ya nauli, betri na vipuri, au upate ndugu wa kukuahidi hiyo mbele ya wengine. Mwulize muuzaji wa kifaa mambo haya: vipuri vya aina hii vipo nchini au vinaagizwa? Kikiharibika mtoto atakaa siku ngapi bila kusikia? Dhamana ni ya miaka mingapi? Namjua mtoto ambaye kifaa chake kiko kabatini mwaka wa pili sasa kwa kukosa waya. Upasuaji wake ulifanikiwa.

Upasuaji wenyewe sitaukalia sana. Ni wa usingizi kamili, saa mbili hadi nne, mkato nyuma ya sikio. Daktari hupita karibu na mshipa unaoendesha misuli ya uso, kwa hiyo uliza amekwisha kufanya mara ngapi. Ni swali la heshima na mtaalamu hakasiriki. Uliza pia kuhusu chanjo ya nimonia kabla ya siku hiyo, maana mwenye kipandikizi ana hatari zaidi ya kupata homa ya uti wa mgongo. Kizunguzungu cha siku chache ni cha kawaida. Kama kulikuwa na kusikia kidogo kulikobaki katika sikio lile, jua kunaweza kupotea. Na tangu siku hiyo, akienda kupigwa picha ya MRI popote, kitu cha kwanza kusemwa ni kwamba ana sumaku kichwani.

Siku ya kuwasha, jiandae kwa kilio. Binti yetu alilia, akaling'oa duara akalitupa. Ndugu waliokuja na simu zao kurekodi muujiza walizima kimya kimya. Mwache alie, mbembeleze, mrudishie. Mtoto ambaye hajawahi kujua sauti, au amekwisha kuisahau, anaingiliwa na kitu kichwani ambacho hana jina lake.

Na hapo ndipo kazi inapokuja nyumbani kwako, kwa mama, baba, bibi na dada wa kazi. Mtaalamu wa tiba ya matamshi ni muhimu, mtafute, lakini unamwona saa moja kwa wiki ukibahatika. Saa nyingine zote ni zako. Kifaa kivaliwe tangu anapoamka hadi anapolala. Zungumza unachofanya: tunamenya kitunguu, kitunguu kinawasha, macho yanatoka machozi, tufute. Ikilia sauti, simama, onyesha sikio, mwambie: umesikia? Jogoo. Bodaboda. Adhana. Zima televisheni, sogea karibu, kaa usawa wa macho yake. Tumia lugha unayoijua vizuri, kama ni Kimakonde ni Kimakonde. Usimpe mtoto Kiingereza cha kuunga kwa kuwa shule inakitaka. Na msimnyime hadithi za jioni kwa huruma, msimulieni. Ule wito wa "Hadithi, hadithi!" na kuitikia "Hadithi njoo!" ni zoezi zuri la kusikiliza na kungoja zamu, na babu yake aliufanya kila jioni kwa miaka miwili bila kujua kwamba anatibu.

Kila asubuhi mjaribu kwa sauti sita zinazotumiwa na wataalamu duniani, na kwa bahati zote zimo katika Kiswahili: aa, uu, ii, mm, sh, ss. Kaa ubavuni asione midomo, sema moja moja bila mpangilio, naye anyooshe mkono au arudie. Zinagusa masafa ya chini hadi ya juu. Akiikosa "ss" aliyoisikia jana, angalia betri, angalia waya, angalia jasho kwenye maikrofoni. Kwa joto na chumvi ya pwani, kiweke usiku ndani ya kopo lenye vidonge vya kufyonza unyevu. Umeme unapokatika mara kwa mara, ulizia mapema kama aina hiyo inakubali betri za kutupa.

Shuleni nenda mwenyewe. Darasa la wanafunzi 80 chini ya bati wakati wa mvua ni mahali pagumu kwa kifaa chochote. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, amtazame anapozungumza, asizungumze ameelekea ubaoni. Mpira acheze, na kitambaa cha kubana kichwani. Baharini akivue kifaa.

Nimeliacha hadi hapa kwa makusudi jambo ambalo nalitilia uzito kuliko yote. Kifaa kikivuliwa, mtoto ni kiziwi. Wakati wa kuoga, usiku ndani ya chandarua, betri ikizima njiani kwenye basi, ni kiziwi. Na miezi ile yote kabla ya kupandikizwa, na mingine mingi kabla ya neno la kwanza, mtoto anahitaji lugha ya kuombea maji na kusema tumbo linauma. Wapo watakaokuambia usimfundishe lugha ya alama, atakuwa mvivu wa kusema. Tulimsikiliza mtu wa namna hiyo na tukapoteza mwaka mzima wa mtoto kupiga kichwa ukutani kwa hasira ya kutoeleweka. Tulipoanza alama, hasira ilipungua, na maneno ya mdomoni yakafuata yale aliyokuwa anayajua kwa mikono. Msimamo wangu sasa haubadiliki: anza lugha ya alama wiki mnayoambiwa hasikii, iwe atapandikizwa au la. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia, na shule za viziwi kama ya Buguruni na ya Tabora zina walimu wanaoijua kazi. Waone pia viziwi wazima wenye familia na kazi, ili ukimtazama mwanao usione msiba.

Kwa hiyo kijana wa miaka 25 aliyezaliwa kiziwi, ana alama zake, ana marafiki na fundi wake wa kumfundisha useremala, msimshinikize apandikizwe. Atapata kelele nyingi na maneno machache, na uamuzi ni wake. Mtu mzima aliyekuwa anasikia kisha akapoteza, kwa ugonjwa au kwa dawa, huyo ni tofauti. Ubongo wake unaijua lugha, na mara nyingi hufaidika haraka hata akiwa na miaka 60. Mama anayekaa kimya pembeni ya harusi kwa kuwa hasikii tena asiachwe aambiwe ni uzee.

Lakini aliye na haraka kuliko wote ni yule mdogo. Kama kuna mtoto nyumbani kwako anayekaribia mwaka na haitikii jina lake akiwa amekupa mgongo, usingoje Idi wala Krismasi, usingoje korosho ziuzwe. Kupima hakuhitaji shamba. Chukua kadi yake ya kliniki kesho asubuhi, umbebe, useme mlangoni kwamba unataka apimwe usikivu.